Mtani Aliyechelewa Msibani

Ipuli, Tabora
19 Mei

Kwa Bi Zamda, mama wa marehemu Abdulkadiri, Kariakoo

Shikamoo Mama.

Mimi ni Marcelino Mihayo, Mnyamwezi. Nimepata habari kwamba mtumwa wangu Kadiri mmemzika tangu Januari bila kuniita. Nauliza, nani aliwapa ruhusa? Tangu lini Wazaramo wakafukia mali ya Mnyamwezi kabla mwenyewe hajaja kuikagua?

Na mlichokizika ni hasara tupu. Mwaka mzima nimekaa na mwanao kule Kongo, handaki moja, sufuria moja. Mvivu yule! Ukimpa jembe achimbe, anachimba mahali pa kukalia kwanza. Akilala anakoroma mpaka adui anajua tuko wapi. Kila mlo analalamika hauna nazi. Watu wanapigiwa mabomu, yeye anauliza kwa nini kisamvu cha Kongo hakina nazi. Mwoga pia. Serikali ilimpa bunduki, akamkimbia bata mzinga wa mwanakijiji, na bunduki yake mgongoni.

Mimi ndiye niliyembeba muda wote huo, maana sisi Wanyamwezi ni wa mizigo tangu zamani. Sasa nadai fidia yangu. Nataka shuka lake, kandambili zake na sahani ya pilau iliyojaa mpaka inamwagika. Nisipopata nakuja mwenyewe Dar kumfukua, nimrudishe kazini.

Ni mimi mwenye mali,
Marcelino


Kariakoo
24 Mei

Wewe Marcelino,

Salamu sina. Bahasha yako imeletwa dukani kwa Narendra, ninapouza vitambaa, na nimeifungua mimi kwa sababu barua za mama yangu nazifungua mimi siku hizi. Tangu msiba zinaletwa karatasi nyingi na kila moja inamlaza chini.

Barua yako hajaiona na hataiona.

Mimi ni Shamsa, dada yake Kadiri, tumbo moja. Kaka yangu alirudi ndani ya sanduku lililofungwa, juu yake bendera. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Mji mzima ulisimama kumpokea, watu wasiomjua walilia barabarani. Wewe uliyekula naye sufuria moja unakaa unamwita mtumwa, mvivu na mwoga? Unataka kandambili zake? Umfukue?

Nimeitunza barua yako. Ukiandika tena nitaipeleka kikosini kwenu waone askari wao anavyowasimanga wenzake waliokufa. Mama yangu halali, hakai, hali. Akisoma takataka yako nitamzika na yeye.

Shamsa


Ipuli, Tabora
29 Mei

Dada Shamsa,

Nimekosa. Nilidhani nyumbani kwenu mnajua.

Sisi Wanyamwezi ni watani wa Wazaramo. Mtani kazi yake msibani ni hiyo, kumtukana marehemu, kuvaa nguo zake, kumwigiza, mpaka wafiwa wacheke kidogo ndipo wapate nguvu ya kula. Mimi na Kadiri tulikubaliana kabisa kwamba atakayetangulia, mwenzake aende kwao akamtukane. Yeye alikuwa ameshaniandalia yangu, akawa ananisomea usiku na kucheka peke yake.

Mazishini sikuja kwa sababu bomu lile lile lililomuua Kadiri lilinichukua masikio yote mawili. Nilikuwa hospitalini mpaka Aprili. Sasa niko nyumbani, watu wananiandikia kwenye daftari wakitaka kusema nami. Sikujua ningewaliaje kwa simu.

Naomba radhi kwako na kwa Mama ambaye hajui. Sitaandika tena.

Marcelino


Kariakoo
4 Juni

Wewe Mnyamwezi,

Marahaba, ingawa umechelewa kuniamkia. Shamsa kaniletea barua zako zote mbili, analia, anasema "Mama, nimemtukana mtu asiyesikia." Nimemwambia hajakutukana vya kutosha. Mtoto huyu kazaliwa hapa hapa mjini, utani anaoujua ni wa Simba na Yanga. Hajawahi kumwona mtani ameingia kaburini anakataa kutoka mpaka apewe kuku. Mimi nimeona. Alipokufa baba yangu kule Kisarawe, Mnyamwezi mmoja alivaa kanzu ya marehemu, akatembea kama yeye, akakohoa kama yeye, akatugombeza sote kwa sauti yake. Mama yangu alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu afiwe. Alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha akaomba uji. Ndivyo matanga yanavyoanuliwa kwetu.

Ya Kadiri hayajaanuliwa mpaka leo. Kila kitu kilikuwa cha heshima mno. Askari walijipanga, risasi zikapigwa juu, sanduku likashushwa. Niliambiwa lisifunguliwe, kwa hiyo uso wake sikuuona. Kisha kaka yangu Mbaruku, mjomba wake, akashika kipaza sauti akasema maneno ya mwisho ya Kadiri yalikuwa "Tanzania kwanza." Nani kamwambia? Mbaruku siku hiyo alikuwa dukani kwake Ilala anauza mabati. Lakini sasa mtaa mzima unayasema maneno hayo, vijana wameyaandika kwenye fulana pamoja na picha yake. Huyo wa kwenye fulana mimi simjui. Wangu mimi alikuwa anaogopa jogoo.

Barua yako ndiyo imenirudishia wangu kwa mara ya kwanza. Bata mzinga! Nimecheka mezani kwangu wateja wakadhani nimepagawa. Halafu kicheko kikakatika, nikainuka tena.

Maana mimi sikai, mwanangu. Nina meza ya viungo hapa Mtaa wa Kongo. Napima iliki, katikati namwachia mteja mzani naondoka. Juzi nimetembea kwa miguu mpaka Buguruni, nimefika pale nikajiuliza nimefuata nini, nikarudi. Kitanda changu kimezunguka kuta zote nne za chumba. Na jina la mtaa huu nalo! Kutwa watu wanaitana, "Uko wapi? Niko Kongo. Njoo Kongo." Kila wakilitaja moyo unaruka.

Nakuuliza jambo moja tu. Ulikuwa naye. Alisema nini? Ya Mbaruku siyataki. Nayataka yake mwenyewe, hata kama alitukana, hata kama alilia. Niandikie.

Usinitumie meseji. Meseji ni za kuulizia bei ya bizari. Pokea nazi nilizompa kondakta wa basi, upike kisamvu kama binadamu.

Mama Kadiri


Ipuli, Tabora
13 Juni

Shikamoo Mama mtani,

Nazi zimefika, mbili zimepasuka njiani, nadhani kwa kukutana na Wanyamwezi. Mama yangu mzazi kapika kisamvu, watu wamekula wakaniandikia kwenye daftari kwamba sasa wanajua kwa nini Wazaramo hawafanyi kazi. Ukishakula kile unatafuta mkeka.

Kwa huyo mtumwa wangu nina mengi. Umewahi kumwona anavyotembea? Bega moja mbele, tumbo ndani, kama mtu anayepita katikati ya watu na mizigo. Mimi kwanza nilidhani ana jeraha. Tuko porini, njia pana, hakuna mtu wala mbuzi, yeye anatanguliza bega anapisha watu ambao hawapo. Nikamuuliza, akaniambia ukikulia Kariakoo hutembei kifua mbele, utarudi nyumbani huna vifungo. Kamanda wetu alijaribu kumnyoosha gwaride akachoka mwenyewe.

Na vichekesho vyake havikuwa na mwisho. Akianza kusimulia, ukikaribia pale penyewe pa kuchekesha, anacheka yeye kwanza, gizani unasikia khe khe khe tu, hadithi imekufa hapo. Mpaka leo sijui yule kadhi na punda waliishia wapi.

Nakutumia ndoo ya asali ya mwitu, mpya, imerinwa wiki hii. Kuhusu lile swali lako, asali hii usiiweke juani, itachacha. Iweke mahali penye ubaridi na uifunike vizuri kwa sababu ya sisimizi.

Mwenye mali,
Marcelino


Kariakoo
20 Juni

Mnyamwezi,

Asali nimeiweka kivulini, nimeifunika. Swali langu wewe umeliweka wapi?

Mimi nimelea watoto wawili, usinifanye mjinga. Kadiri naye alikuwa hivyo hivyo, ukimuuliza habari ya kikombe kilichovunjika anakueleza habari ya paka. Lakini yeye alikuwa hawezi kuficha. Tangu mdogo, akitaka kunifanyia kituko, mdomo unamwenda upande wa kushoto kwanza, kama anazuia kicheko, na macho anayafinya. Nikiuona ule mdomo tu namkamata mkono kabla hajafanya lolote. Mwalimu wake wa madrasa naye alikuwa anamcharaza kabla ya kosa, kwa ajili ya mdomo ule. Wako siuoni huko Tabora, lakini naujua ulivyokaa.

Sasa sikia. Jumamosi ya tarehe mbili Agosti nasoma hitima. Hii ni yangu, si ya Mbaruku. Dua kwanza, kisha pilau, kisha wewe. Uje uifanye kazi yako mbele ya watu, uniletee mwanangu, umwondoe yule wa kwenye fulana. Mbaruku amekasirika, anasema utani msibani ni ushamba, kuna wageni wa heshima amewaalika. Nimemwambia tumbo lililomzaa si lake.

Na ukija uje na jibu langu. Kama hutaki kuliandika, utanitajia. Nitavumilia lolote. Kisichovumilika ni kutojua. Nikifumba macho namwona anafungua mdomo na hakuna kinachotoka.

Mama Kadiri


Ipuli, Tabora
30 Juni

Dada Shamsa,

Uliniambia nisiandike, kisha Mama yako akaamuru niandike. Leo nakuandikia wewe kwa sababu nimekwama.

Mama anataka maneno ya Kadiri. Mimi ndiye peke yangu niliyekuwa naye, wengine walikuwa handaki la mbele. Bomu la kwanza lilinitupa ukutani. Nilipofungua macho dunia ilikuwa imenyamaza. Niliona udongo unaanguka bila sauti. Kadiri alikuwa ameegemea ukuta wa pili, mbele yangu hapa, ningeweza kumgusa mguu. Ameumia, alikuwa ameshika ubavu. Akanitazama, akaanza kusema.

Alisema sana, dada. Mdomo ulikwenda, ukapumzika, ukaenda tena. Nilimwonyesha masikio yangu, nikatikisa kichwa, yeye akaendelea. Nilijivuta nikamshika mkono. Mwisho uso wake ukajikunja kwa maumivu, ukabaki hivyo, basi.

Mimi sikusikia hata neno moja. Kila mtu aliyekuja hospitalini aliniuliza alisema nini, nikajifanya sijaelewa alichoandika. Ukiwa kiziwi watu hawakung'ang'anizi. Lakini Mama yako ananing'ang'aniza. Yeye anasema akifumba macho anauona mdomo unafunguka na hakuna kinachotoka. Nilipofika hapo niliikunja barua nikatoka nje nikazunguka nyumba.

Hicho anachokiogopa ndicho nilichonacho. Nimwambieje?

Marcelino


Kariakoo
6 Julai

Kaka Marcelino,

Kwanza nisamehe kwa barua yangu ile. Nilishaanza kuandika hivi mara nyingi nikachana.

Yako nimeisoma stoo, nyuma ya majora ya vitambaa, nikakaa humo mpaka Narendra akaja kuniuliza kama naumwa. Nimesema ndiyo. Kanipa kiti akafunga mlango.

Kaka, mwambie alimwita Mama. Sema tu hivyo. Sema alisema, "Mama." Neno moja. Nani atakupinga? Mjomba Mbaruku kasema lake mbele ya kipaza sauti na dunia haikuanguka. Mimi nakuomba kama dada yako. Humuoni huyu mwanamke. Jana kapanga viungo vyote mezani kwa rangi, kavipangua, kavipanga tena, wateja wamesimama. Kaenda Magomeni kwa shangazi, kafika mlangoni kageuka. Naamka namkuta anadeki chumba kilichodekiwa. Akipata neno hilo moja atakaa chini.

Siyo dhambi kubwa. Na huenda ni kweli alimwita. Wangapi hufa bila kumwita mama?

Shamsa


Ipuli, Tabora
12 Julai

Dada Shamsa,

Nimejaribu. Nimeiandika barua yote, nikaandika "alikuita wewe Mama," nikaisoma, nikaitia motoni.

Mtani anaruhusiwa kumsema marehemu vibaya vyovyote, lakini yawe ni yake. Mkoromo niliousema ni wake, bata mzinga ni wake. Nikimtilia neno mdomoni asilolisema nitakuwa nimechora fulana ya pili. Na Mama yako anamjua. Ataligonga lile neno kama anavyogonga nazi, atasikia ni tupu.

Kwa hiyo sitakuja hitimani. Na kuna jambo jingine, nalo nitakwambia, usicheke. Mtani hufanya kazi kwa masikio. Anasema, anasikiliza watu wanavyocheka, anajua aongeze au aache. Mimi nikisimama pale sitajua kama wanacheka au wanataka kunipiga. Nitakuwa mwendawazimu anayepiga kelele kwenye msiba wa watu.

Mwambie Mama nimezidiwa na homa. Hilo nakuruhusu.

Marcelino


Kariakoo
19 Julai

Mnyamwezi,

Shamsa kajaribu kuniambia una homa. Kashindwa, kalia, kanipa barua zako zote mkononi. Nimezisoma nimesimama.

Nimekukasirikia kwanza. Nimetoka nikatembea mpaka miguu ikauma, narudi bado nimekasirika, namtafuta wa kumkasirikia simpati. Wewe ulimshika mkono. Sanduku sikufunguliwa mimi, wewe uso wake uliuona mpaka mwisho, halafu unaniambia huna kitu?

Hukusikia. Sawa. Lakini macho yako si mazima? Mtani wa baba yangu kule Kisarawe hakutusomea maneno ya marehemu. Alituonyesha alivyokuwa. Basi njoo unionyeshe. Yote, mpaka uso wake wa mwisho. Usinipunguzie.

Usipojua kama watu wanacheka, nitazame mimi. Nitakaa mbele kabisa.

Nauli ya kuja iko kwa kondakta yule yule wa nazi. Ukikataa nitakuja Tabora nikufuate, na Shamsa atakwambia kama naweza kutembea.

Mama


Kariakoo
4 Agosti

Kaka Marcelino,

Umeondoka bila kuaga, kandambili za Kadiri miguuni. Nilikukimbilia mpaka kona ya Mtaa wa Sikukuu nikikuita jina lako kama mwehu, watu wote wamegeuka isipokuwa wewe, kisha nikakumbuka. Nikasimama pale pale katikati ya mikokoteni nikajiona mjinga. Ndiyo maana naandika. Kuna mambo yalisikika Jumamosi na ni lazima uambiwe.

Ulipotoka chumbani umevaa jezi yake na kandambili, ukapiga kelele, "Nani kaiba mtumwa wangu?" sauti yako ilikuwa kubwa mno. Hujui siku hizi unavyosema. Mjomba Mbaruku aliidondosha sahani yake. Mgeni wake mmoja aliuliza, "Nani kamruhusu huyu?" Hakuna aliyecheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze, na wewe unaendelea tu, hujui.

Kisha ukaanza kutembea. Bega mbele, tumbo ndani, ukipita katikati ya mikeka ya watu waliokaa. Kule jikoni mwanamke mmoja akapiga ukelele, "Huyo Kadiri huyo!" Hapo ndipo pakavurugika. Wanawake wametoka na miiko mikononi. Ulipokimbizwa na bata mzinga, vijana wa fulana walikuwa wamelaliana chini. Narendra alikuwa amesimama ukingoni mwa turubai, anafuta macho, anasema, "Ndiyo alivyokuwa anapita dukani, ndiyo hivyo hivyo." Na Mjomba, wallahi, alikuwa anasema "astaghafirullah" huku anacheka na pilau lake liko mapajani. Ulipokoroma nilisikia watoto wanakoroma pamoja nawe mpaka mtaa wa nyuma.

Halafu ukapiga magoti mbele ya Mama. Ukashika ubavu. Ukimya ulioingia hapo sihitaji kukusimulia, huo ulikuwa sawa kwetu sote. Ukamwonyesha mdomo ulivyokwenda, ukapumzika, ukaenda tena, bila sauti. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika mabega yake ili asianguke. Na mwisho ukaukunja uso.

Mdomo ulikwenda kushoto, kaka. Macho ukayafinya. Niliuona kabla Mama hajasema kitu.

Wewe ulichokiona ni Mama amejifunika kanga usoni, mabega yanatetemeka, ameanguka ubavu kwenye mkeka. Ukamtazama mara moja, ukainuka ukaenda zako. Najua ulichodhani. Mtu yeyote asiyesikia angedhani hivyo.

Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakosa pumzi, anapiga mkeka kwa kiganja, anasema, "Mshenzi yule! Mshenzi yule! Hata pale!" Akalia baadaye, ndiyo, akalia sana. Lakini ulipoondoka ulimwacha anacheka.

Anataka kukuandikia mwenyewe. Naiweka yake humu humu.

Shamsa


Wewe Mnyamwezi,

Kwenu mtu hutoka msibani bila kuaga? Sahani yako ya pilau ilibaki imejaa kama ulivyodai, na shuka lilikuwa limekunjwa tayari. Zote ziko hapa.

Ulimwandikia Shamsa kwamba uso ulijikunja kwa maumivu. Sisemi hakuumia. Mimi si mtoto, naona ulivyoshika ubavu. Lakini ule mdomo niliuona kwa mara ya kwanza akiwa na miezi michache, kabla hajaota jino, na sijawahi kuukosea. Yule hakuwa anataja nchi, na hakuwa ananiita mimi. Nilitaka awe ananiita, sitakuficha, nilitaka sana. Alikuwa anakutania wewe. Alianza kichekesho chake, alipokaribia pale penyewe akacheka kwanza, kama kawaida yake, na hakikuisha. Maneno gani, siyajui, na siyatafuti tena. Mwanangu alikuwa yeye mwenyewe mpaka mwisho, hawakunibadilishia.

Jana nimekaa kwenye kiti changu mezani, nikauza mpaka kufunga soko. Shamsa kaja kuniangalia akadhani nimeugua.

Ila wewe kazi yako hujaimaliza. Kakutania, nawe hukumjibu. Mtani hanyamaziwi. Amelala makaburini Magomeni, upande wa ukuta, nitakupeleka mwenyewe. Uje umtukane mpaka utosheke, na usiogope watu watasema unapiga kelele. Kwa sauti yako hiyo ya siku hizi, atakusikia.

Mama yako